Kabla ya Neno la Kwanza: Historia ya Kuwasaidia Watoto Wenye Usonji Kuwasiliana, hadi Migori na Homa Bay

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayojitokeza utotoni na kugusa jinsi mtu anavyohusiana na wenzake, anavyowasiliana, na anavyopokea sauti, mwanga, mguso na mabadiliko ya ratiba. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba takriban mtoto 1 kati ya 100 ana hali hiyo, na wataalamu wa lugha wamekadiria kwamba karibu asilimia 30 ya watoto hao hufika umri wa kuanza shule wakiwa na maneno machache sana, au bila neno wanaloweza kulitegemea. Historia ya jinsi watoto hao walivyosaidiwa kuwasiliana imejaa makosa yaliyodumu kwa muda mrefu, nayo imechukua miongo mingi kufika upande wa mashariki wa Ziwa Victoria, katika maeneo kama Osiri Matanda huko Nyatike, ambako familia hutegemea dhahabu inayochimbwa kwa mikono, na katika fuo za wavuvi wa omena za Migori na Homa Bay.

Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kumtaka mtoto aseme kwanza ndipo ajibiwe.

Kabla ya 1943: malezi bila jina la hali

Katika jamii ya Waluo ya zamani, kazi ya kumfundisha mtoto lugha haikuachiwa mama peke yake. Wanahistoria David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao kuhusu Siaya kilichotoka 1989, wameeleza nafasi ya pim, bibi mzee aliyelala na watoto katika nyumba iliyoitwa siwindhe, akawasimulia hadithi, akawatolea vitendawili na kuwafunza ukoo na adabu. Mtoto katika mazingira hayo alizungukwa usiku hadi usiku na sauti ile ile, nyimbo zile zile na maswali yanayorudiwa, na mtu mzima aliyekuwa na muda wa kumsubiri. Haiwezekani kujua ni watoto wangapi wenye usonji waliopitia siwindhe, lakini mambo ambayo wataalamu wa leo huyahimiza, yaani marudio, utaratibu usiobadilika na mlezi mwenye subira, hayakuwa mageni huko.

Upande wa pili wa malezi hayo ulikuwa mgumu zaidi. Mtoto aliyefika miaka minne bila kuita mama yake alihitaji maelezo, na maelezo yaliyokuwa karibu yalikuwa ya kiroho: chira, yaani maradhi au msiba unaoaminika kumfuata aliyevunja mwiko au jamaa zake, au mapepo, au kijicho cha jirani. Maelezo ya namna hiyo yana matokeo. Yanamtuma mzazi kumtafuta aliyekosa badala ya kumtazama mtoto anafanya nini, yanaitafuna akiba ya familia katika safari za kwa ajuoga, yaani mganga, na mara nyingi humfanya mama kubeba aibu isiyo yake. Ni vyema kukumbuka jambo hili kabla ya kufika Ulaya na Marekani, kwa sababu sayansi ya huko nayo, katika miaka yake ya mwanzo, ilimtwika mama mzigo huo huo kwa lugha nyingine.

1943 hadi 1978: jina linapatikana, lawama inabaki

Daktari Grunya Sukhareva alikuwa ameandika kuhusu wavulana wa aina hii mjini Moscow katikati ya miaka ya 1920, lakini maandishi yaliyoenea ni ya Leo Kanner, daktari wa watoto na magonjwa ya akili katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, aliyechapisha mwaka 1943 maelezo ya watoto 11. Kati yao, 8 walikuwa wamepata kusema na 3 walikuwa kimya, na uchunguzi wake wa hao 8 ulikuwa wa kina kwa namna ambayo bado inafundisha: aliona kwamba mtoto anaweza kuwa na maneno mengi, akayarudia kama alivyoyasikia, na bado asiyatumie kumfikishia mwenzake jambo. Kurudia huko, ambako wataalamu hukuita ekolalia, kulihesabiwa kwa muda mrefu kuwa sauti tupu, na ni baadaye sana watafiti walipoonyesha kwamba mara nyingi mtoto hurudia kwa sababu anaomba, anakubali, anajituliza au anatafuta kuendelea na mazungumzo kwa njia pekee aliyonayo.

Kanner aliandika pia kuhusu ubaridi wa wazazi, na wengine wakalichukua wazo hilo hadi mwisho wake mbaya. Bruno Bettelheim, katika kitabu kilichotoka 1967, aliwashawishi wasomaji wengi kwamba mtoto hujifungia ndani yake kwa sababu mama hakumtaka. Madhara ya fundisho hilo katika mawasiliano yalikuwa ya moja kwa moja, maana mtu aliyekaa na mtoto saa nyingi zaidi, aliyejua kilio cha njaa na kilio cha kelele, aliondolewa katika matibabu kana kwamba ndiye ugonjwa. Fundisho hilo lilivunjwa hatua kwa hatua: Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa mzazi wa mtoto mwenye usonji, alikuwa tayari amelipinga kwa kitabu mwaka 1964, na mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha utafiti wa mapacha ulioonyesha kwamba urithi wa kibaiolojia una nafasi kubwa.

Afrika iliingia katika maandishi hayo kupitia Victor Lotter, ambaye alikuwa amehesabu watoto wenye usonji katika eneo la Middlesex, Uingereza, na kupata 4.5 kwa kila watoto 10,000 mwaka 1966. Baadaye alizuru miji ya nchi 6 za Afrika, Kenya ikiwemo, akakagua watoto zaidi ya 1,300 waliokuwa katika taasisi za ulemavu wa akili, na taarifa yake ya 1978 ilitaja watoto 9 tu. Idadi hiyo ndogo ilisomwa na wengi kama ushahidi kwamba usonji ni nadra barani, ilhali njia aliyoitumia ingeweza kuwaona wale tu waliokwisha kupelekwa kwenye taasisi za mijini. Mtoto wa Nyatike au wa Mbita, ambaye hakuna taasisi iliyompokea, hakuwa na nafasi ya kuhesabiwa, na asiyehesabiwa hapangiwi mwalimu.

1961 hadi 2002: shule za viziwi, vituo vya upimaji na funzo lililopuuzwa

Huduma za kwanza za mawasiliano katika Nyanza zililengwa kwa watoto viziwi. Wamisionari Wakatoliki walianzisha shule ya viziwi ya Nyang'oma, Bondo, mwaka 1961, mwaka ule ule wa Mumias, na kwa miaka mingi shule za viziwi nchini zilishikilia kwamba mtoto lazima afunzwe kutamka na kusoma midomo, na kwamba mikono ikiruhusiwa kusema, ulimi utazembea. Sera hiyo ililegea katika miaka ya 1980, serikali ilipokubali mchanganyiko wa ishara, maandishi na matamshi. Funzo lililopatikana hapo, kwamba kumpa mtoto njia nyingine hakumnyimi lugha, lingeweza kuvushwa moja kwa moja hadi kwa watoto wenye usonji, lakini halikuvushwa. Hofu ile ile, kwamba kadi au ishara itamfanya mtoto mvivu wa kusema, ingali inasikika katika zahanati na madarasa hadi sasa.

Kamati iliyoongozwa na Ngala Mwendwa mwaka 1964 iliweka msingi wa sera ya watu wenye ulemavu katika Kenya huru, na miaka 20 baadaye hatua mbili zilizofuatana zilibadilisha mambo vijijini. Mwaka 1984 vilianza vituo vya upimaji wa kielimu kwa msaada wa Denmark, vikiwa na walimu waliopewa kazi ya kumpima mtoto na kumshauri mzazi, na mwaka 1986 ikaundwa Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, kuwafundisha walimu hao. Vituo hivyo vilisambaa hadi wilayani, South Nyanza ya wakati huo ikiwa mojawapo, lakini makundi yaliyotambuliwa yalikuwa manne: wasioona, wasiosikia, wenye ulemavu wa viungo na wenye ulemavu wa akili. Mtoto anayesikia vizuri, anayetembea vizuri, anayepanga vifuniko vya chupa kwa mstari mnyoofu na asiyeitika akiitwa, hakuwa na mlango wake, na kwa kawaida aliingizwa katika kundi la nne, ambako alifundishwa kuoga na kuvaa, mambo yenye manufaa, bila mtu kumfundisha jinsi ya kuomba maji.

Karibu na mwisho wa kipindi hiki, mwaka 2001, shirika la Leonard Cheshire lilianzisha mradi wa elimu jumuishi katika shule 5 za msingi za Oriang, katika eneo ambalo sasa ni kaunti ya Homa Bay. Mradi huo haukuwa wa usonji, lakini ulithibitisha jambo lililokuwa likibishaniwa, kwamba shule ya kawaida ya kijijini, yenye madarasa makubwa na fedha kidogo, inaweza kumpokea mtoto mwenye ulemavu ikiwa walimu wamefunzwa na wazazi wameshirikishwa.

1966 hadi 2016: kutoka kulazimisha sauti hadi kumfuata mtoto

Wakati Kenya ikijenga vituo, mbinu zenyewe zilikuwa zikigeuka kwingineko, na mageuzi haya yanastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayoamua mlezi wa leo afanye nini. Mwaka 1966 Ivar Lovaas na wenzake wa California walichapisha maelezo ya jinsi walivyowafunza watoto wasiosema kuiga sauti, mtoto akipewa chakula kila alipokaribia sauti iliyotakiwa. Katika kazi ya miaka hiyo adhabu za kumwumiza mtoto zilitumika pia, jambo ambalo watu wengi wenye usonji waliokuja kuandika wamelilaani kwa haki. Baadhi ya watoto walipata maneno, lakini mengi ya maneno hayo yalibaki kwenye kiti cha mafunzo, kwa kuwa mtoto alijifunza kumjibu mwalimu na hakujifunza kwamba neno linaweza kumletea mtu na kitu anachokihitaji.

Njia nyingine ilianza kwa kujiuliza mtoto anaweza kufanya nini tayari. Katika miaka ya 1970 Eric Schopler wa North Carolina alijenga mpango wa ufundishaji unaotumia vitu vya kuonekana, kama ratiba ya picha inayomwonyesha mtoto kinachofuata, na akawapa wazazi nafasi ya walimu wenza. Uingereza, Margaret Walker na wenzake walitunga Makaton, mpango wa ishara za mikono zinazofanywa sambamba na usemi. Mwaka 1985 Andy Bondy na Lori Frost wa Delaware walibuni mfumo wa kubadilishana picha, ambao nguvu yake iko katika tendo la kwanza: mtoto anachukua kadi ya kitu anachokitamani, anaiweka mkononi mwa mtu, na papo hapo anapewa kitu hicho. Hapo, hata kabla ya kutamka chochote, amejifunza kiini cha mawasiliano, kwamba kuna mwingine na kwamba mwingine huyo anaweza kufikiwa. Mbinu hizi kwa pamoja huitwa mawasiliano saidizi na mbadala, zikianzia kidole kinachoonyesha na kitu halisi hadi vishikwambi vinavyotamka.

Je, ulimi ulizembea? Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 na Diane Millar, Janice Light na Ralf Schlosser, yakichambua visa 27 vyenye ushahidi madhubuti, yalipata kwamba asilimia 89 ya watu hao waliongeza usemi baada ya kupewa njia mbadala, waliobaki hawakubadilika, na hakuna hata mmoja aliyepungukiwa. Ongezeko lilikuwa dogo kwa wengi, na mzazi hapaswi kuahidiwa muujiza. Lakini hofu iliyowanyima watoto ishara na picha kwa vizazi viwili haikuwa na msingi.

Hatua iliyofuata ilihusu watu wazima. Watafiti kama Connie Kasari wa Los Angeles walionyesha kwamba msingi wa lugha ni umakini wa pamoja, yaani uwezo wa mtoto na mlezi kuelekeza macho na moyo kwenye kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kwamba umakini huo hujengwa katika mchezo mlezi anapomfuata mtoto badala ya kumvuta. Jonathan Green na wenzake wa Uingereza waliwarekodi wazazi kwa video wakicheza na watoto wa miaka 2 hadi 4, wakawaonyesha nyakati ambapo mtoto alikuwa amejaribu kuwasiliana bila mzazi kutambua. Matokeo ya kwanza ya 2010 yalikuwa ya wastani, lakini watoto walipofuatiliwa miaka kadhaa baadaye, faida ilikuwa bado ipo. Mwaka 2016 mbinu hiyo, ikiwa imerekebishwa, ilijaribiwa Goa, India, na Rawalpindi, Pakistan, na waliofundisha wazazi hawakuwa wataalamu bali wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii. Wazazi walijifunza kujibu vizuri zaidi, na watoto wakaongeza kuanzisha mawasiliano wenyewe. Kwa kaunti isiyo na wataalamu, hili ndilo jaribio muhimu kuliko yote yaliyotajwa hapa.

2003 hadi 2015: wazazi wa Nairobi, watafiti wa Kilifi

Mwaka 2003, pamoja na elimu ya msingi bila malipo na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, wazazi waliochoka kukataliwa shuleni waliunda Chama cha Usonji cha Kenya, na kitengo cha watoto wenye usonji kikaanza katika shule ya msingi ya City, Ngara, Nairobi. Kwa mara ya kwanza shule ya umma ilikuwa na mlango wenye jina la watoto hawa. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilianzisha shahada ya tiba ya matamshi na lugha, na hivyo Afrika Mashariki ikaanza kuwafunza wataalamu wake badala ya kuwategemea wageni wa muda.

Kilifi, katika kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, Joseph Gona, Karen Bunning, Charles Newton na wenzao walifanya kazi mbili zinazohusu moja kwa moja vijiji vya ziwani. Ya kwanza, iliyochapishwa 2014, iliwapelekea nyumbani watoto wachache wenye mahitaji makubwa ya mawasiliano, wenye hali mbalimbali, vifaa vilivyotengenezwa kwa vitu vya hapo hapo, na walezi walieleza kwamba walianza kuwaona watoto wao kama watu wenye jambo la kusema. Ya pili, ya 2015, iliwauliza wazazi na wataalamu wa Pwani kuhusu chanzo cha usonji, nao wakataja mapepo, laana na uchawi pamoja na urithi na matatizo ya uzazi. Anayeijua Nyanza atatambua kwamba mama wa Kilifi na mama wa Karungu wanatembea njia moja, kutoka kwa mganga hadi kanisani au msikitini, hadi hospitalini, na kila kituo kinachukua miezi ya utoto.

2010 hadi 2025: ahadi za Katiba na hali ya ziwani

Katiba ya 2010 iliagiza, katika kifungu cha 7, kuendelezwa kwa Lugha ya Ishara, Breli na njia nyingine za mawasiliano zinazofikiwa na watu wenye ulemavu, na katika kifungu cha 54 ikampa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa. Kwa maneno hayo, kadi ya picha mkononi mwa mtoto wa miaka mitatu ina ulinzi wa kikatiba. Ugatuzi wa 2013 uliziweka hospitali, zahanati na madarasa ya chekechea mikononi mwa kaunti, kwa hiyo tangu hapo miaka ya mwanzo ya mtoto, ambayo ndiyo yenye faida kubwa zaidi kwa lugha, iko chini ya Migori na Homa Bay zenyewe.

Sensa ya 2019 iliitaja Homa Bay miongoni mwa kaunti zenye viwango vya juu kabisa vya ulemavu nchini, asilimia 4.3 ikilinganishwa na 2.2 ya taifa. Lakini takwimu hizo ni za watu wa miaka 5 na zaidi. Watoto wa miaka 2, 3 na 4, ambao makala hii inawahusu hasa, hawamo. Miradi imekuwepo: Leonard Cheshire ilirudi eneo la ziwa mwaka 2014 kwa mpango wa wasichana wenye ulemavu katika shule 50, na Yellow House, shirika la tiba ya matamshi na lugha la Kisumu, limefundisha na kuhudumia familia za magharibi mwa Kenya. Hata hivyo mradi una tarehe ya kuisha, na nauli ya kwenda Kisumu kutoka Nyatike humshinda mzazi anayeishi kwa kusaga mawe ya dhahabu au kuanika omena.

Jambo moja limewaumiza watoto wa eneo hili pasipo sababu, nalo ni ushauri wa kuacha Kidholuo na kumsemesha mtoto Kiingereza au Kiswahili tu, kwa madai kwamba lugha mbili zitamchanganya. Utafiti wa Montreal uliochapishwa 2012 uliwalinganisha watoto wenye usonji waliolelewa katika lugha moja na waliolelewa katika mbili, na haukuona hao wa pili wakicheleweshwa zaidi. Mtoto anayeishi na nyanya yake asiyejua Kiingereza huondolewa mzungumzaji wake mkuu anapoondolewa Kidholuo. Kadi zake za kwanza na ziwe za pi, yaani maji, kuon, yaani ugali, na orumo, yaani imekwisha, na zitamkwe kwa lugha inayosemwa jikoni.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mafunzo ya stadi kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, yenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, yaliyokwisha kujaribiwa katika nchi zaidi ya 30, na ambayo yamefanyiwa utafiti nchini Kenya na Ethiopia. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya iliwapa vifaa wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wale ambao Waluo wengi huwaita nyamrerwa. Mei 2025 ilipatikana sheria mpya ya watu wenye ulemavu kuchukua nafasi ya ile ya 2003. Mtaala upo, mjumbe anayeingia kila boma yupo, sheria ipo; kilichosalia ni kaunti kuviunganisha kwa bajeti.

Mabunge ya kaunti za Migori na Homa Bay yanaombwa kutenga fedha za mtaalamu wa matamshi na lugha katika hospitali ya kaunti, na za kuwafunza nyamrerwa na walimu wa chekechea mafunzo hayo ya walezi. Mzazi naye ambaye mtoto wake wa miaka miwili hajatoa neno asingoje atimize mitano. Ampeleke akapimwe masikio, aulizie kituo cha upimaji wa kielimu cha kaunti ndogo yake, na kuanzia leo ajibu kila kidole, kila mvuto wa nguo na kila sauti ya mtoto huyo kama neno kamili.